Wiki tisa kwa fundi: je, zinahesabiwa kuwa fildi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma stashahada ya umeme, mwaka wa pili, hapa Arusha. Likizo ndefu iliyopita nilikosa nafasi ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, nikaenda kwa mjomba wangu ambaye ni fundi umeme wa majumbani. Tulipiga kazi wiki tisa, Sakina, Ngaramtoni mpaka Usa River, na nilijifunza kuliko nilivyojifunza darasani. Mratibu amekataa kuzihesabu, na matokeo yangu yanaonyesha moduli ya mafunzo kwa vitendo haijakamilika. Rafiki yangu anasema Marekani mwanafunzi akifanya kazi popote anapewa krediti. Pia ananishauri nijaze daftari la fildi, lile la kuandika kazi za kila siku, sasa hivi, mjomba asaini, niwasilishe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Daftari usilijaze. Nitakueleza sababu, lakini kwanza tuelewane krediti ni nini, kwa sababu nadhani hapo ndipo ulipokwama.

Katika mfumo wa vyuo vyetu vilivyo chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, krediti moja ni saa 10 za kujifunza: kipindi, karakana, kujisomea, mtihani, vyote ndani. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120. Ukipiga hesabu ya haraka, wiki tisa kwa siku sita na saa nane kila siku ni saa 432, ungesema unadai krediti 43. Hudai. Krediti za fildi zimeshaandikwa kwenye mtaala wako, na hazipandi hata ukikaa site mwaka mzima. Saa ni kipimo cha ukubwa wa kazi tu. Kinachokupa krediti ni kuthibitishwa kwamba umeweza yale yaliyoandikwa kwenye moduli, na kuthibitishwa kuna watu wake: msimamizi wa kazini, mwalimu wa chuo aliyekuja kukutembelea, na ripoti yako.

Ndiyo maana mratibu amekataa. Hajasema hukujifunza. Chuo hakikujua uko wapi, hakuna mwalimu aliyefika Ngaramtoni kukuona umepanda ngazi, na mjomba hakupewa fomu ya tathmini. Hakuna alama za kuingiza.

Rafiki yako naye amesikia nusu ya habari. Marekani ni kweli wana utaratibu huo, na ni wa zamani: mwaka 1906 Herman Schneider alianzisha pale Chuo Kikuu cha Cincinnati mpango wa wanafunzi wa uhandisi kupokezana darasa na kiwanda. Lakini kwa kawaida mwanafunzi wa kule anajisajili kwanza, anakuwa na mwalimu anayemsimamia, anaandika atakachojifunza, na mara nyingi krediti hizo anazilipia ada kama somo lingine lolote. Halafu krediti yao si sawa na yetu. Yao moja ni takriban saa 45 za darasa na kujisomea kwa muhula, kwa hiyo somo lao la krediti 3 lina karibu saa 135, ambazo kwetu ni krediti 13 na ushee. Usilinganishe namba hizo ukadhani wenzako wanasoma kidogo.

Sasa daftari. Nimesahihisha madaftari ya fildi miaka mingi na la kubuni hujitangaza lenyewe. Wiki nane kalamu moja, mwandiko mmoja, kurasa safi kama zimetoka dukani jana. Mmoja aliniandikia kwamba tarehe 7 Julai alikuwa ofisini akihudumia wateja, na siku hiyo ni Sabasaba, ofisi ile ilikuwa imefungwa. Niliumia sana, kwa sababu alikuwa kijana mwenye uwezo, na kesi yake haikuwa tena ya moduli moja, ikawa ya udanganyifu. Sitaki uingie huko, wala usimwingize mjomba wako aliyekufundisha kwa moyo mweupe.

Na daftari lenyewe wengi hamlijui thamani yake. Mwanafunzi anaandika: "Jumanne: nilimsaidia fundi kuvuta waya." Hapo sina cha kumpa alama. Mwingine anaandika: "Jumanne: tulivuta waya wa milimita 2.5 wa soketi, vyumba vinne. Tukapima kwa mega (kifaa cha kupima kama ganda la waya linazuia umeme kuvuja) ya volti 500 kati ya laivu na ethi. Chumba cha tatu kilisoma megaohmu 0.3, wakati kinatakiwa kisipungue 1. Tulifungua boksi, tukakuta skrubu imechuna ganda la waya. Tulibadilisha kipande, tukapima upya, kikasoma zaidi ya 200." Huyu sikuwepo naye, lakini nimemwona akifanya kazi. Nina hakika siku zako za Usa River zilikuwa na mambo kama hayo. Yaandike kwenye daftari lako binafsi, kwa tarehe ya leo, kama kumbukumbu. Yatakusaidia kwenye usaili wa kazi.

Cha kufanya: nenda kwa mratibu wiki hii, usisubiri muhula uishe. Mweleze ukweli wote, umuulize dirisha lijalo la kukamilisha moduli ni lini na kama linaathiri kuendelea kwako. Muulize pia alama za fildi zinaingia kwenye GPA (wastani wa pointi zako) au ni kufaulu na kufeli tu, maana kozi zinatofautiana. Zikiingia, si jambo dogo. Tuseme moduli ina krediti 12: A yenye pointi 4 inakuletea 48, C yenye pointi 2 inakuletea 24. Mtu anapoteza hapo kwa uzembe wa ripoti tu.

Kisha tafuta nafasi mapema. Barua ya chuo ipeleke mwenyewe masjala, igongewe muhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala, urudi kuulizia baada ya wiki mbili. Wengi huenda TANESCO peke yake, wakikosa wanakata tamaa. Jaribu viwanda vya Unga Limited, mahoteli makubwa yenye kitengo cha matengenezo, mamlaka ya maji yenye pampu zake, au vuka uende Moshi, kiwanda cha sukari cha TPC kuna mitambo ya kutosha.

Na mjomba? Muulize kama ana leseni ya EWURA, mamlaka inayotoa leseni za mafundi umeme. Kama anayo, au anafanya kazi chini ya mkandarasi mwenye leseni, anaweza kupendekezwa chuoni kama mwenyeji wako wa fildi, mradi uombe kabla ya siku ya kwanza na uwaambie wazi kwamba ni ndugu yako, ili tathmini isainiwe na mtu mwingine. Kama hana cheti chochote, mwambie VETA wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Utaratibu huo ni wa watu kama yeye. Kwako wewe hautakupa krediti za stashahada.

Ukishapata barua ya kukubaliwa, ipeleke kwa mratibu siku hiyohiyo, akupangie mwalimu wa kukutembelea.