Mbegu imegoma, mwezi unasingiziwa: maswali yenu ya bustani

Mvua zikikaribia ndo watu mnakumbuka lile kopo la mbegu lililoko uvunguni. Meseji zimejaa, na nyingi ni mambo mawili tu, mbegu kugoma kuota na habari za mwezi, wengine mmeyachanganya yote humo humo bila hata nukta, sawa tu, na mimi naandika hivyo hivyo. Nimeyafupisha, twende.

Nimepanda mlenda hapa Mwandiga, mbegu nilivuna mwenyewe, zimetoka chache mno. Nimeharibu mbegu?

Hujaharibu dada. Mbegu ya mlenda ina ganda ambalo maji hayapenyi, unamwagilia mpaka unachoka na huko ndani bado ni pakavu kabisa. Ganda linachoka polepole udongoni, hii msimu huu, ile msimu ujao, na porini hiyo ndo salama yake maana zikiota zote siku moja afu mvua ikakata, ukoo mzima umekwisha. We unataka ziote pamoja, basi zifunge kwenye kitambaa chepesi, chemsha maji, ipua, tumbukiza kitambaa sekunde 10 hivi, toa, tia kwenye maji baridi, anika kivulini zisishikane ndo upande. Usiziache ukaenda kupokea simu, utakuwa umepika mboga. Lusina na mbegu za mjohoro zilizokaa muda mrefu nazo zinataka maji moto kwa mtindo huo huo, ila zenyewe baada ya hapo unaziacha kwenye maji ya kawaida mpaka asubuhi, zilizovimba panda, ambazo hazijavimba rudia.

Mzee wangu ni mvuvi hapa Ujiji. Anasema mboga za majani zinapandwa mwezi unakua, na vya chini kama karoti mwezi unapungua. Nilipanda mchicha mwezi mpevu haukuota, kanicheka. Kweli mwezi una nguvu hiyo?

Mpe mzee shikamoo yake kwanza. Na namwelewa kabisa, kwa sababu kwenye kazi yake mwezi ni bosi kweli. Dagaa wanafuata taa, na mbalamwezi ikiwaka ziwa zima taa ya mtumbwi haina kazi, ndo maana siku za mwezi mpevu wavuvi wanapumzika na dagaa sokoni wanapanda bei, hilo kila mtu Kigoma analijua hata kama hajawahi kupanda mtumbwi. Sasa mtu aliyeishi na kanuni ambayo inafanya kazi kila mwezi ziwani, akiihamishia bustanini huwezi kumlaumu.

Ila bustanini hesabu inakataa. Mwanga wa mwezi mpevu ni mdogo kuliko wa jua kama mara 400,000, hauwezi kukuza jani. Watu wanasema sawa, lakini mwezi unavuta maji, si unaona bahari ya Dar inavyojaa na kupwa, basi unavuta na maji ya udongoni yapande kwenye mbegu. Bahari inajaa na kupwa kwa sababu ni kubwa kupita maelezo, na huo mvuto unafanya kazi kwenye ule ukubwa. Haya Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita kama 670 na kina cha mita 1,470 sehemu ya chini kabisa, na bado hujawahi kuona linajaa na kupwa kwa ajili ya mwezi, sembuse tone la maji lililoko pembeni ya mbegu ya mchicha.

Halafu kuna tatizo la kalenda. Mwezi mmoja wa kuandama ni siku 29 na nusu, ukizidisha kwa 12 unapata siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kama 11, ndo maana Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka. Mvua zetu hazifuati huo mwendo, zenyewe ni Novemba mpaka Aprili au mwanzo wa Mei. Ukisema utapanda mwandamo wa Novemba, mwaka huu unaweza kuangukia udongo ushaloa na mwaka ujao ukaangukia vumbi.

Mchicha wako mimi nashuku vitu vingine. Uliufukia sana? Mbegu ndogo vile inataka udongo kiduchu tu juu yake, nusu sentimita inatosha. Mvua kubwa ikapiga udongo ukawa mgumu kama sakafu? Sisimizi? Au mbegu ulivuna juzi tu, kuna mbegu za mchicha ambazo zikiwa mpya kabisa zinasinzia kwanza, ukizikausha ukazikalisha wiki kadhaa zinaamka.

Kitu kimoja nakubaliana na mzee, mwezi ni kalenda ya bure juu ya paa. Sia tuta moja la mchicha mwezi ukiandama na tuta lingine mwezi ukiwa mpevu, hapo una mboga mpya kila wiki mbili bila kuangalia simu. Mavuno yakiwa mazuri mzee atasema ni mwezi, mwache aseme.

Nimetumiwa kwenye wasapu kalenda ya kupanda kwa mwezi, ina siku za mizizi, za majani, za maua na za matunda. Niifuate?

Hiyo asili yake Ujerumani, ni kazi ya mama mmoja anaitwa Maria Thun aliyeanza kuitengeneza miaka ya 1950, akifuata mafundisho ya kilimo ambayo mwanafalsafa Rudolf Steiner aliyatoa mwaka 1924. Yeye hatazami sana mwezi kukua au kupungua, anaangalia unapita kwenye kundi gani la nyota. Mwaka 2020 watafiti wa Hispania walipitia yaliyoandikwa na yanayofundishwa kuhusu mwezi na mimea, wakasema ushahidi wa kuaminika hawakuuona. Ukitaka ifuate, ila tarehe za kule ni za mtu anayesubiri baridi iishe Machi na Aprili. Sisi Aprili mvua ndo zinaaga.

Nimeokota mbegu za mchikichi chini ya mti, nimepanda kwenye viriba huu mwezi wa nne hakuna kitu. Nifanyeje?

Ndugu yangu miezi minne ni michache. Mbegu ya mchikichi ikiachwa yenyewe inaweza kukaa mwaka mzima na zaidi, na haziamki pamoja, moja leo, nyingine ukiwa ushasahau. Kinachoiamsha ni joto la muda mrefu. Wanaozalisha miche kitaalamu wanatoa nyama ya nje yote, wanakausha mbegu kwa kipimo, wanaziweka kwenye chumba cha joto la nyuzi 39 au 40 hivi kwa siku 60 mpaka 80, mchana na usiku halishuki, ndo baadaye wanazilowesha tena na kuziweka kwenye joto la kawaida, hapo sasa zinachipua kwa wingi. Nyumbani watu wanajaribu kufukia karibu na jiko au kufunga kwenye plastiki juani, inasaidia kiasi, ila joto linapanda linashuka, na likizidi unaua.

Hata zikiota, angalia umepanda nini. Kama mti ule ni wa asili, wenye ganda nene, utapata mti wa ganda nene na mafuta machache. Kama ni Tenera, ile chotara, watoto wake hawafanani nao wote, nusu tu ndo wanatoka Tenera, robo wanarudi kwenye ganda nene na robo wanakuwa wale wasio na ganda ambao mara nyingi hawabebi matunda ya maana, na hutajua mpaka mti uzae, yaani umeshalima na kupalilia miaka kama mitatu. Kwa kweli mimi nisingepoteza huo muda. TARI Kihinga, kile kituo cha utafiti wa kilimo, iko hapa hapa Kigoma na kazi yake kubwa ni mchikichi, kachukue mbegu iliyokwisha kuamshwa au mche. Hizo za kwenye viriba usizimwage kama viriba vina nafasi, lakini usizipangie shamba.

Mbegu za papai nazitoa kwenye tunda napanda hapo hapo, hazioti.

Ule utelezi unaoizunguka ndo unaizuia. Sugua kwa mchanga au kwenye chujio mpaka uishe, osha, kausha kivulini. Nyanya pia, mbegu na maji yake ziache kwenye kopo siku 2 au 3 mpaka zianze kuchacha, zitanuka kidogo, osha anika.

Niko Urambo. Karanga zangu mwaka jana zilichipua humo humo ardhini kabla sijang'oa. Jirani yangu amevuna wiki mbili baada yangu na zake hazikuchipua. Kwa nini?

Aina tofauti. Karanga za kusimama, zile za muda mfupi za siku kama 90 mpaka 100, hazina usingizi, zikikomaa na mvua bado ipo zinaota tu. Zile zinazotambaa za muda mrefu zinalala wiki kadhaa baada ya kukomaa, ndo za jirani. Kwa hiyo zako ukiona majani yanageuka njano chimbua mashina machache uangalie, ndani ya ganda pakianza kuwa na madoa ya kahawia basi ng'oa, usisubiri zote. Na zilizochipua usizichanganye na za kula wala za kuuza, unyevu ule unaita ukungu na ukungu ndo unaleta sumukuvu.

Nzega hapa, kiduha, lile gugu la kwenye mahindi, kinanimaliza. Niliacha shamba miaka mitatu bila mahindi, nimerudisha mahindi, kimerudi kama vile kilikuwa kinanisubiri.

Kilikuwa kinakusubiri kweli. Mbegu za kiduha ni vumbi, mmea mmoja unatoa makumi ya maelfu, na zinakaa udongoni hai zaidi ya miaka 10. Hata ikiloa haitoki, mpaka mzizi wa mahindi, mtama au uwele upite karibu ukitoa kemikali zake, hapo ndo inaota na kuung'ang'ania, kama jirani anayetokea ukishafunua sufuria ya pilau. Na mpaka uone ua lake la zambarau au jekundu juu, chini ishanyonya wiki kadhaa.

Kwa hiyo kuacha shamba tupu hakusaidii sana. Unachotaka ni kuiamsha halafu ikose chakula. Karanga, kunde, soya, alizeti na pamba mizizi yake inaiamsha lakini haiwezi kuishi kwayo, inakufa njaa. Panda hizo kwa zamu, tia samadi maana kiduha kinapenda udongo uliochoka, na king'oe kabla hakijatoa maua, ukichelewa umeongeza akiba ya miaka mingine kumi.

Mninga unaoteshwaje? Nina matunda yake yale ya bawa, nipo Sikonge.

Usipande tunda zima, utasubiri sana. Kata bawa, pasua ile sehemu ya katikati yenye miiba kwa kisu taratibu (vaa glovu tafadhali), toa mbegu, kwaruza ganda kidogo upande usio na kiini, loweka usiku mmoja. Halafu cha muhimu zaidi, kiangazi kikifika mche wako utakauka wote juu. Haujafa, chini unajenga mzizi, na unaweza kufanya hivyo miaka kadhaa mfululizo kabla haujaamua kupanda juu. Weka kijiti cha alama watoto wasiung'oe.

Maharage ya sokoni, aina ile inayoitwa "soya Kigoma", naweza kupanda?

Unaweza kama si ya zamani na fukusi hawajayatoboa. Maharage hayana usingizi, yakigoma ujue yamekufa.

Nitajuaje mbegu ni nzima kabla sijamaliza kuziweka shambani?

Chukua mbegu 10, ukiwa nazo nyingi chukua hata 50, zipange kwenye kitambaa kibichi, kunja, tia kwenye mfuko wa plastiki usiobana, weka sehemu ya joto la kawaida ndani, hakikisha hakikauki. Mahindi, maharage na kunde siku 7 zinatosha, hoho na bilinganya subiri wiki mbili. Zikiota 8 kati ya 10 panda kawaida, zikiota 5 weka mbegu mbili zaidi kwenye kila shimo, zikiota 2 wape kuku. Isipokuwa kama ni za dukani zenye rangi nyekundu au kijani, hizo zimewekwa dawa, kuku asiziguse, na mikono unawe.