Pale zulia linapokutana na marumaru

Baridi ya Arusha mwezi wa sita na wa saba si ya mchezo, ndiyo maana chumba cha mama tulikitandika zulia ukuta hadi ukuta, koridoni tukabaki na marumaru. Fundi alikata zulia pale mlangoni, akapaka gundi, akalikandamiza kwa mguu, akaondoka. Haikupita miezi miwili ukingo ukafumuka. Asubuhi moja kandambili ya mama ikanasa kwenye nyuzi, akawahi kushika fremu ya mlango. Hakuumia, lakini roho yangu haikutulia siku nzima.

Nilipoinua ule ukingo nikakuta chini peusi, pananuka uvundo. Kumbe kila tulipopiga deki koridoni, zulia lilikuwa linanyonya maji na gundi inalainika. Tangu hapo siiamini gundi peke yake mlangoni, hata iwe nzuri vipi.

Kinachofaa ni ukanda wa aluminiamu wenye matundu ya skrubu. Kabla ya kwenda dukani pima upana wa mlango chini kabisa, kati ya fremu na fremu, kisha laza rula juu ya zulia itokeze upande wa marumaru, uone zimepishana kimo kiasi gani. Zikiwa sawa, ukanda bapa unatosha. Zulia likiwa juu zaidi, tafuta wenye mteremko. Ule bapa utaning'inia upande mmoja na kupinda ukikanyagwa.

Funga mlango, piga alama ya penseli sakafuni usawa wa katikati ya unene wake. Ukanda ukae hapo, ili mlango ukifungwa zulia lisionekane koridoni wala marumaru chumbani.

Kwenye kutoboa, nenda taratibu. Kwanza kunja zulia lirudi nyuma kabisa. Drili ikigusa uzi wa zulia inauzungusha na kuuvuta, na mstari mzima unaweza kufumuka hadi katikati ya chumba. Mimi nilipanga matundu yaangukie kwenye saruji, pale marumaru inapoishia, na mengi yaliangukia huko. Tundu moja tu ilibidi lipite kwenye marumaru yenyewe. Hapo zima mpigo wa nyundo wa drili, bandika selotepu ya karatasi ili ncha isiteleze, tumia ncha ya kutobolea marumaru, uzungushe polepole huku ukidondoshea maji kidogo. Kwa sababu ya maji, nilitumia drili ya betri. Ukikandamiza kwa nguvu marumaru itapasuka, na kupata nyingine ya rangi ileile ni kazi.

Futa vumbi ndani ya matundu, ingiza fisha za milimita 6, vile vijiplastiki vya kushikilia skrubu. Rudisha zulia, livute, ulikate kwa wembe mpya likiingia chini ya ukanda kama sentimita moja, huku matundu yakibaki wazi. Skrubu ziwe za kichwa bapa, zizame kabisa. Kichwa kilichochomoza kitamkwaruza mtu mguu.

Mwisho paka silikoni nyembamba upande wa marumaru tu, usipige deki hapo hadi kesho yake. Jaribu na mlango: wetu ulikuwa unakwaruza ukanda, ikabidi tuung'oe na kuupiga randa kidogo chini.