Je, mgonjwa wa kemo anywe antibiotiki kila siku?

SWALI: Mdogo wangu ameanza kemo (dawa za kuua chembe za saratani) ya saratani ya titi, sindano kila baada ya wiki 3. Jirani ananiambia nimpe amoksisilini kila siku ili asipate maambukizi. Je, nimpe?
Mama wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Hapana, mama, usimpe. Amoksisilini ya kila siku huua bakteria dhaifu na kuwaacha wale sugu, na hao ndio watakaomshambulia. Zipo antibiotiki za kinga, kama levofloksasini, lakini daktari huziandikia hasa wagonjwa ambao chembe zao nyeupe za damu zitashuka mno kwa zaidi ya siku 7, mfano wenye saratani ya damu.

Shika tarehe. Neutrofili, chembe zinazopambana na bakteria, mara nyingi hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya sindano. Siku hizo mpime kinywani au kwapani asubuhi, jioni, na kila anapotetemeka. Asipimwe kwa njia ya haja kubwa, wala asitiwe dawa huko. Akichubuka, bakteria wa utumbo huingia kwenye damu.

Themometa ikifika 38, ondokeni saa hiyo hiyo, hata usiku. Usimpe parasetamoli kwanza, itaficha homa, na homa huenda ikawa dalili pekee: bila neutrofili hata usaha hautungi. Akitetemeka sana au akichanganyikiwa, nendeni hata kama hana joto. Mkifika, semeni kwanza kwamba yuko kwenye kemo. Huku kwetu kila homa hudhaniwa malaria. Kipimo chake kifanyike, ndiyo, lakini antibiotiki ya mshipani isingoje jibu. Inatakiwa ianze ndani ya dakika 60. Kuchelewa huko ndiko kunakoua.

Nyumbani, wote wanawe mikono kwa sabuni, sekunde 20, kabla ya kumgusa au kumpikia. Maji yatokote dakika 1 kamili, kisha yakae kwenye chombo chenye mfuniko na bomba, kwa maana kikombe kinachochovywa huyachafua upya. Samaki wadogo wa sambaza waive kabisa. Maziwa yasiyochemshwa, pamoja na jibini iliyotengenezwa kwayo, aache kwanza.

Atumie mswaki laini, na asukutue mara 4 kwa siku: lita 1 ya maji yaliyochemshwa, kijiko cha chai cha chumvi na kimoja cha bikaboneti (soda ya kuokea). Ateme, asimeze. Mchanganyiko utengenezwe upya kila siku.