Mchanga wenye maji chini ya msingi

SWALI: Kiwanja chetu ni cha mchanga, maji yako mita 2 chini, na eneo hupata matetemeko. Tutajuaje kama ardhi itageuka uji?

JIBU: Mchanga uliolegea na kujaa maji ukitikiswa, chembe hutaka kujipanga upya lakini maji hayapati pa kutokea. Shinikizo lake hupanda hadi chembe zinaacha kubebana. Niigata, Japani, mwaka 1964, maghorofa yalilala ubavu kwa sababu hiyo, kuta zikiwa nzima.

Chorongeni hadi mita 20. Kila mita 1 au 1.5, nyundo ya kilo 63.5 idondoshwe tena na tena kutoka sentimita 76 kugonga bomba la kupimia, hadi lizame sentimita 45. Yanahesabiwa mapigo ya sentimita 30 za mwisho. Idadi hurekebishwa kwa nishati ya nyundo na uzito wa udongo ulio juu. Mchanga safi ukifika mapigo 30 baada ya marekebisho, hauna wasiwasi. Chini ya hapo, mhandisi agawanye uwezo wa udongo kustahimili kwa msukumo wa tetemeko. Jibu likiwa chini ya 1, tabaka hilo ni hatari.

Simamieni uchorongaji wenyewe. Maji ndani ya shimo yakishuka chini ya yale ya ardhini, mchanga hufumuka kutoka chini, mapigo yanapungua, mchanga unaonekana dhaifu kuliko ulivyo, na mnaweza kulipia nguzo ndefu za msingi zisizohitajika. Kosa la kinyume ni baya zaidi: kukokotoa kwa kina cha maji cha kiangazi, yakiwa yameshuka, hatari ikaonekana ndogo. Tumieni cha masika.