Vifaranga wa gapi: ukishawaokoa na mdomo wa mama, waokoe na maji

Nilinunua gapi, wale samaki wadogo wa mapambo wa tangini, majike matatu bila dume nikiamini sitapata watoto. Wiki ya pili, asubuhi nikiwa nawaandaa wanangu kwenda shule, nikaona chembe yenye macho mawili imejibanza nyuma ya filta, kile kifaa cha kuchuja maji ya tangi. Kuinama, nikaona nyingine, na nyingine. Tulihesabu ishirini na kitu. Jioni niliporudi kutoka kazini walibaki wanne, na mwanangu wa mwisho alilia kama aliyefiwa.

Kama nawe umekumbana na jambo hilo, elewa kwanza kilichotokea. Gapi jike akishakutana na dume mara moja huhifadhi mbegu zake mwilini, na anaweza kuzaa tena na tena kwa miezi kadhaa bila kumwona dume mwingine. Dukani majike na madume hukaa tangi moja, kwa hiyo jike unayemnunua mara nyingi tayari ana mimba. Hatagi mayai. Hubeba mimba kwa siku 21 hadi 30 hivi, kisha huzaa vifaranga waliokamilika, wenye urefu wa milimita 6 hadi 8, wanaoogelea tangu dakika ya kwanza. Na mama hawatambui kama watoto wake. Kinachopita mbele yake kikiwa kidogo kuliko mdomo ni chakula, basi.

Mzao wa pili nilijitia ujuzi. Nilinunua kile kisanduku cha plastiki cha kuzalishia, nikamfungia jike humo mara tu nilipoona tumbo limejaa. Alikaa siku sita, akikimbia huku na huku na kujigonga kwenye kuta, hakula, na akafa kabla ya kuzaa. Jike mwenye mimba hataki kubanwa. Kama lazima umtenge, subiri dalili za mwisho: tumbo linakuwa na pembe kama boksi badala ya duara, lile doa jeusi karibu na mkundu linatanda, anajitenga pembeni na kukataa chakula. Hapo bado saa chache tu, pengine siku moja. Akimaliza kuzaa, mtoe mara moja.

Siku hizi simtengi kabisa. Nimejaza kona moja ya tangi mimea yenye majani membamba yaliyosongamana, na juu nimeachia mimea inayoelea ambayo mizizi yake inaning'inia kama ndevu. Vifaranga hupenda kukaa juu, karibu na uso wa maji, kwa hiyo ile mizizi ndiyo nyumba yao. Jike anazaa kwa utulivu, wadogo wanaingia vichakani, nami nawachota kwa kikombe taratibu. Wavu unawaumiza. Angalizo: mimea ukiichuma bwawani, iloweke kwenye ndoo kwa wiki moja au mbili na kuikagua kila siku. Watoto wa kereng'ende huishi majini, hujificha kwenye mimea ya namna hiyo, na mmoja tu anaweza kumaliza vifaranga wako kimyakimya.

Filta nayo inameza. Kama yako ina mdomo wa kufyonza maji, uvike kipande cha sponji au soksi nyembamba ya nailoni uifunge kwa uzi.

Sasa niseme lililoniuma zaidi. Mzao wa tatu niliokoa vifaranga 34, wazima wote. Nikawaweka kwenye beseni la lita 10 lenye maji ya bomba niliyoyaacha wazi siku mbili ili klorini itoke. Nikachemsha yai, nikawa nawapa kiini mara tatu kwa siku, karibu nusu kijiko cha chai kila mara, kwa sababu niliwahurumia udogo wao. Siku ya pili maji yakawa kama ya kuoshea mchele. Siku ya tatu wakawa juu wanahema. Kesho yake walibaki watano.

Hao hawakuliwa na mtu. Niliwaua kwa maji. Chakula kinachooza na kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Katika tangi lililokaa muda mrefu, bakteria wanaoishi kwenye sponji ya filta huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa unabadilisha maji mara kwa mara. Beseni jipya halina bakteria hao hata kama maji yake yanang'aa, na huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Kifaranga wa siku mbili hana muda huo.

Kwa hiyo ninavyofanya sasa ni hivi. Vifaranga hukaa kwenye kizimba cha neti kinachoning'inia ndani ya tangi lile lile la wazazi, ili wafaidi maji mengi yaliyotulia. Nilikishona mwenyewe kwa kitambaa cha pazia, nikakisuuza kwa maji matupu bila sabuni. Tafadhali usitumie chandarua chenye dawa! Dawa inayoua mbu kwenye neti ni sumu kali kwa samaki. Vivyo hivyo ile ya kupuliza chumbani jioni: pampu ya hewa huivuta na kuisukuma moja kwa moja majini. Chumba chenye tangi usipulize.

Ukitaka kuwahamishia tangi lao, liwe na filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa, na sponji hiyo ikae kwanza ndani ya tangi kubwa kwa mwezi au zaidi. Maji ya kuanzia yachote tangi kubwa pia. Sponji ikichafuka, ikamue ndani ya ndoo yenye maji uliyoyatoa tangini. Ukiiosha bombani, klorini inaua bakteria wote na unaanza upya.

Chakula: kidogo, mara nyingi. Mara nne kwa siku inatosha. Chakula cha kawaida cha samaki nakisaga mpaka kiwe laini kama hiliki iliyotwangwa, nachukua kinachobaki kwenye ncha ya kidole. Kiini cha yai bado natumia, ila kipande kama punje ya mtama, nakipekecha kwenye kitambaa ndani ya kikombe cha maji, kisha nadondosha matone machache kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Baada ya saa moja nafyonza mabaki chini kwa mpira mwembamba. Ukipata mayai ya artemia, uduvi wadogo sana wa maji ya chumvi, hicho ndicho chakula bora kuliko vyote: lita moja ya maji, kijiko kikubwa (cha chakula) kimoja na nusu cha chumvi, hewa ikibubujika, na baada ya saa 24 hadi 36 wanaanguliwa. Wachuje, wasuuze kwa maji yasiyo na chumvi, uwape wakiwa hai. Kifaranga aliyeshiba utamwona tumbo lina rangi ya chungwa.

Maji nabadilisha asilimia 10 hadi 15 kila baada ya siku mbili, yenye joto sawa na ya tangini. Hapa Dar es Salaam sihitaji hita. Walioko Arusha, Iringa au Njombe wanaihitaji, hasa Juni na Julai, kwa sababu gapi hustawi kwenye nyuzi 24 hadi 28.

(Wanaofuga mbuna wa Ziwa Nyasa kazi yao ni tofauti: mama hubeba mayai na watoto mdomoni kwa wiki tatu hivi, hali chochote, na ukimkimbiza na wavu anaweza kuwatema wote. Mwache atulie.)

Kuanzia wiki ya nne anza kutazama pezi la chini nyuma ya tumbo. Likichongoka kama kijiti, huyo ni dume. Mtenge mapema, la sivyo baada ya miezi mitatu utakuwa na wajukuu. Na wakizidi, usiwamwage mtaroni wala mtoni, hata kama moyo unakwambia watakula viluwiluwi vya mbu. Gapi si wa mito yetu, asili yao ni Amerika ya Kusini, na wakishaenea hakuna wa kuwarudisha.

Mimi nawagawa kwa majirani wakifikisha sentimita mbili. Kila anayekuja kuchukua namwambia aniletee filta yake mwezi mmoja kabla, ikae tangini kwangu. Siku ya kuondoka anaondoka na samaki sita na sponji iliyolowa ndani ya mfuko mmoja.