Laptop imeshika Wi-Fi lakini intaneti haipiti

Mkuu wa Masasi, umeuliza kwa nini laptop yako imeshika Wi-Fi lakini haifungui tovuti, na kwa nini Wi-Fi inakatika ukihamia uwani. Kama simu inaperuzi vizuri kwa Wi-Fi hiyohiyo na laptop ndiyo inagoma, usimalize vocha kuwapigia watu wa mtandao. Anza na mashine. Umesema ilikaa muda mrefu bila chaji. Basi angalia kwanza tarehe na saa. Betri ndogo ya ndani ikichoka, saa inarudi nyuma miaka, na tovuti za https (zile zenye ulinzi) zinakataa kufunguka hata kama Wi-Fi haina shida.

Saa ikiwa sawa, fungua kile kidirisha cheusi cha amri (Command Prompt), andika ipconfig. Ukiona anwani (namba ya laptop kwenye mtandao) inayoanza na 169.254, ruta haijaipa laptop anwani, imejipa yenyewe. Futa mtandao huo kwenye orodha, zima ruta, iwashe, ingiza nywila upya. Ukiona inaanza na 192.168 na bado kimya, weka DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba) ya 8.8.8.8.

Hilo la kukatika ukihamia uwani ni kesi nyingine: Wi-Fi ya masafa ya 5 GHz haipendi kuta, tumia ya 2.4 GHz. Na fundi asikukimbilize kupiga Windows upya. Huku kwetu Mtwara ndiyo Panadol yao ya kila ugonjwa.