Soma madaftari ya wachoraji, kisha uanze lako

Ninapotaka kumfahamu mchoraji huanza na madaftari yake, kabla ya picha zake zilizotiwa fremu. Picha iliyokamilika imekwisha kupambwa kwa ajili ya mtazamaji, ilhali daftari lilikuwa la mwenyewe, na ndiyo maana humo utakuta farasi aliyeachwa bila miguu, uso uliorudiwa mara nne hadi pua ikakaa sawa, au, kama katika madaftari ya Leonardo da Vinci, hesabu za matumizi ya nyumbani. Pale ndipo unapomwona mtu akifikiri, na kwa mwanafunzi wa kuchora hilo lina faida kuliko ukumbi mzima wa picha zilizomalizika.

Mwalimu wangu mkubwa katika jambo hili ni Mfaransa Eugène Delacroix. Mwaka 1832 alifuatana na ujumbe wa kibalozi wa Ufaransa uliotumwa kwa Sultani wa Moroko. Kusimamisha stendi ya kuchorea na rangi za mafuta barabarani hakukuwezekana, na Waislamu wengi hawakupenda kuchorwa, kwa hiyo alitegemea madaftari madogo aliyoyajaza michoro ya kalamu na rangi za maji. Kinachonivutia ni namna maneno na michoro vinavyobanana katika ukurasa mmoja: mlango umechorwa kwa mistari michache, na pale ambapo hakuwahi kupaka rangi ameandika jina la rangi yenyewe. Picha yake kubwa ya Sultani akitoka na msafara wake ilikamilika mwaka 1845, yaani miaka 13 baada ya safari, na aliendelea kuchora mambo ya Moroko hadi karibu na kifo chake mwaka 1863. Hata hivyo, baadaye aliandika katika shajara yake kwamba alianza kupata kitu cha maana kutokana na safari ile aliposahau mambo madogo madogo na kubaki na yale yenye uzito. Sioni mgongano hapo, kwa sababu anayesahau huku ameandika huwa na uhuru wa kuchagua kipi akirudie.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: andika kando ya mchoro. Ninapokwenda Keko, Dar es Salaam, kuchora mafundi seremala, fundi anayepiga randa hatulii hata kidogo, na mchoro wangu hubaki mgongo, mikono miwili na ubao. Pembeni ninaandika: “Mninga. Mwanga unaingia mlangoni, kushoto. Uzito wote uko bega la kulia. Maranda yaliyo juu ni mekundu, yaliyokanyagwa ni ya kijivu.” Picha ya simu ingenipa sura ya karakana, lakini isingeniambia kwamba bega ndilo nililokuwa nikilitazama. Naomba ruhusa kwanza, na nikimaliza ninamwonyesha fundi ukurasa. Mara nyingi yeye ndiye anayeniambia kwamba katika mchoro wangu randa imeshikwa vibaya.

Kifutio kiache nyumbani. Leonardo aliwashauri wachoraji wachanga watembee na kijitabu, wanase humo mienendo ya watu kwa mistari michache, na kijitabu kikijaa wachukue kingine badala ya kufuta, kwa kuwa mambo hayo yanastahili kutunzwa. Mstari uliokosea ukiuacha na kuchora mwingine juu yake, kesho utaona ulikosea kwa kiasi gani. Ukiufuta, utaukosea tena. Kwa sababu hiyohiyo sipendi kurasa kuchanwa.

Kuhusu aina ya daftari, watu hujisumbua bure. Lile alilolitumia mchoraji Mwingereza John Constable mwaka 1813, ambalo liko katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert huko London, linaenea kiganjani. Kauntabuku ya kawaida kutoka stesheneri yoyote inatosha kwa penseli na peni. Ukitaka rangi za maji ndipo utafute karatasi nzito zaidi, walau gramu 200 kwa mita ya mraba, kwa sababu nyepesi hujikunja na rangi hupenya hadi ukurasa wa pili. Lenye jalada la ngozi na karatasi za bei ghali ningelikwepa mwanzoni, maana humtia mtu woga wa kulichafua.

Vivyo hivyo, usilichore kwa ajili ya kuliweka mtandaoni. Siku unapoanza kupanga kurasa zipendeze, limekuwa albamu. Ukihitaji kuona ya wengine, jumba la sanaa la Tate la Uingereza limeweka mtandaoni madaftari ya mchoraji Mwingereza J. M. W. Turner, takriban 300, na kurasa nyingi ni mistari ya penseli ambayo asiyejua angeidhania uchafu.

Daftari lililojaa liandike tarehe na mahali kwenye jalada, weka karatasi nyembamba katikati ya kurasa zilizochorwa kwa penseli laini ili zisipakane, na kama unaishi pwani kama mimi, lihifadhi mbali na ukuta, kwa ajili ya unyevu na mchwa.